Hoteli inauza vitu vyake vya ndani: kipi ninunue, kipi niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli, mkaazi wa Kikwajuni, na napenda kukusanya vitu vizuri vya nyumbani kidogo kidogo. Kuna hoteli ndogo ya kifahari Mji Mkongwe imepata mmiliki mpya na vitu vyake vyote vya ndani vinauzwa. Msimamizi amenionesha kiti cha kupumzikia cha ngozi nyeusi pamoja na kigoda chake cha miguu, anasema ni Eames halisi kutoka Marekani, anataka shilingi milioni tatu na nusu. Kuna kitanda cha besera anachosema kina miaka mia mbili, anakiuza milioni moja na laki nane. Kuna na kiti cha enzi chenye njumu ya pembe za ndovu, laki tisa. Nikichukua vyote hivyo ataniongeza bure viti vinne vya baraza ambavyo fundi wa hapa hapa aliwatengenezea hoteli. Akiba yangu ni milioni sita. Nia yangu nivitumie miaka kadhaa, kisha nivipeleke mnadani Ulaya. Mume wangu anasema nanunua mitumba kwa bei ya dhahabu. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unachouliza khasa ni kama fedha ya akiba yako itarudi, na hilo ni suala zito, basi nitakujibu wazi. Mumeo ana haki ya kuogopa, lakini hofu yake ameielekeza kwenye kitu kisicho. Kitu kuwa kimetumika hakikipunguzii thamani kwa mkusanyaji. Kinachoipunguza ni kukosa ushahidi wa asili yake. Na katika orodha yako yote, vitu ambavyo ningevikimbilia mimi ni vile viti vinne vinavyotolewa bure. Nitakufahamisha sababu, ila kwanza tukimalize hicho kiti cha ngozi, maana ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya fedha yako.

Kiti hicho kilibuniwa na mtu na mkewe, Charles na Ray Eames, kikatoka mwaka 1956. Wenye haki ya kukitengeneza ni kampuni ya Herman Miller kule Marekani na Vitra kwa Ulaya. Karakana nyingine yoyote inayokitoa inatoa nakala, hata iwe nzuri namna gani. Nakala ziko tele duniani. Foshan, karibu na Guangzhou wanakokwenda wafanyabiashara wetu kila siku, ni mji mzima wa samani, na mwenye hoteli anaweza kujaza kontena zima la viti vinavyofanana na vya wabunifu wakubwa kwa bei ambayo haifiki hata ya kiti kimoja halisi. Simtuhumu mwenye hoteli yako. Inawezekana naye aliuziwa hivyo hivyo akaamini. Ila wewe hununui imani yake.

Nenda na tochi, umwambie msimamizi unataka kukipindua kiti. Akikataa, ondoka. Kianze kwa nje, mgongoni na chini ya makalio, kwenye yale magamba ya plaiwudi iliyokunjwa. Katika kiti halisi hutaona kichwa cha skrubu wala bolti ikitokeza upande wa nje wa mbao. Magamba yamefungwa kwa ndani, na sehemu za mikono zimeshikwa na vipande vya mpira vilivyogandishwa kwa gundi. Ukiona skrubu imepita kutoka nje, au kizibo cha mbao kilichowekwa kuificha, hiyo ni nakala au ni kiti kilichofanyiwa matengenezo mabaya, na kwa mnunuzi wa mnadani yote mawili ni hasara. Kisha hesabu miguu. Kiti kina miguu mitano na kigoda chake minne, wakati nakala nyingi zina minne kote kuwili. Kalia, uegemee kwa nguvu. Kiti halisi huzunguka na hunepa kidogo kwa sababu ya ile mipira, lakini hakilali nyuma na hakina mkono wa chuma wa kuvuta ili ubadilishe mlalo. Mlalo wake ni huo huo mmoja tokea kiwandani. Pima na mito: wa kukalia na wa kigoda hulingana kwa umbo. Lebo iliyo chini ya kiti iwe ya mwisho kabisa kuiangalia, kwa sababu lebo ndiyo rahisi kuliko vyote kughushi.

Tuseme kimeshinda mtihani huo. Bado usifurahi. Ile mipira hukauka na gundi yake huachia kadiri miaka inavyopita, na hapa kwetu joto haliisaidii. Siku ikiachia, mtu ameegemea, mgongo hung'oka na mara nyingi huondoka na tabaka la plaiwudi. Kulitengeneza ni kazi ya mtu aliyeizoea, na vipuri vitaagizwa nje. Tena, ikiwa ni kiti cha zamani hasa, magamba yake ya nje yanaweza kuwa ya mbao ya Brazili, Dalbergia nigra, ambayo tangu mwaka 1992 imo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kukivusha mpaka kiti kama hicho kunahitaji vibali, na bila vibali kitazuiliwa bandarini. Kwa hiyo hata ukweli wake ungekuwa na mzigo. Ikiwa ni nakala lakini kinakaliwa vizuri, kinunue kwa bei ya kiti kinachokaliwa vizuri. Milioni tatu na nusu si bei hiyo.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu wazo lako la kukusanya samani za hoteli si la kipuuzi. Mwaka 1960 ilifunguliwa Copenhagen hoteli ya SAS Royal. Aliyeibuni, Arne Jacobsen, alichora jengo, viti, taa, mpaka visu na uma za mezani. Viti vyake viwili ambavyo leo vinajulikana dunia nzima, kile cha umbo la yai na kile cha bata maji, vilizaliwa kwa ajili ya hoteli hiyo. Baadaye hoteli ikabadilishwa na vya ndani vikatolewa, kikahifadhiwa chumba kimoja tu, namba 606. Mwaka 1984, New York, hoteli ya Morgans ilipambwa na Mfaransa Andrée Putman, na hapo ndipo watu wengi wanapohesabia mwanzo wa hizi hoteli ndogo zenye sura yake kila moja. Mtu anayelipa fedha nyingi kwa kiti kilichotoka nyumba za namna hiyo anataka uhakika kwamba kiti hiki, hiki hasa, kilichorwa kwa ajili ya nyumba ile na kilikaa mle.

Mfano unaotufaa zaidi uko India. Mji wa Chandigarh ulipojengwa katika miaka ya 1950, Pierre Jeanneret, binamu yake mchoraji majengo Le Corbusier, aliongoza utengenezaji wa viti na meza za msaji kwa maofisi ya serikali, kazi ya maseremala wa pale pale. Miaka ikapita, vikachakaa, vikarundikwa uani na kuuzwa kama kuni na chakavu. Wafanyabiashara wa Ulaya wakavinunua, wakavisafisha, wakaviuza minadani kwa bei ambayo wenyewe hawakuiota. Mwaka 2011 serikali ya India ikazuia visitoke tena nchini. Zikaja na nakala, maana namba za ofisi zilizopakwa rangi mgongoni mwa viti vile ni rahisi kuigiza. Leo kinachotenganisha kiti cha Chandigarh cha bei kubwa na kingine kinachofanana nacho ni karatasi: kilitoka jengo gani, kiliuzwa na nani, lini, kwa hati ipi.

Ndiyo sababu nakuambia uviangalie vile viti vinne vya baraza. Vimechorwa kwa ajili ya nyumba moja, vimetengenezwa na fundi ambaye pengine yuko hai, na hakuna kiwanda kinachovinakili. Vipindue navyo. Angalia kama ulimi wa mbao umeingia barabara kwenye tundu lake na kukazwa kwa kijiti cha mbao, au kama vimeunganishwa kwa misumari na gundi tu. Angalia kama mbao ni mninga, mvule au msaji na si msonobari uliopakwa rangi. Ikiwa vimesukwa kwa kamba za usumba, pitisha kidole chini ya msuko: usumba mzuri hukwaruza na kukaza, uliooza hukatika na kuacha vumbi la kahawia mkononi. Kamba mbovu isikutishe, maana kusuka upya kunawezekana hapa hapa. Fremu ndiyo ya kuichunga.

Kisha ufanye jambo ambalo wanunuzi hulisahau siku ya vitu kutolewa. Omba karatasi. Hoteli ikibadilisha mkono, faili huchomwa au hutupwa mwanzo, kabla hata godoro halijashuka ngazini. Muulize msimamizi kama ipo ankara ya fundi, mchoro wa mbunifu wa ndani, hata barua ya kuagiza. Muulize jina la fundi, umtafute, umpigie picha akiwa na kiti chake kama ataridhia, na uandike maneno yake: mbao ilitoka wapi, alitengeneza vingapi, alichora nani. Piga picha viti vikiwa bado barazani kwenye hoteli, na sakafu na milango ionekane. Chukua na vipeperushi vya zamani vyenye picha za vyumba. Mwisho udai risiti yenye jina la hoteli, tarehe na maelezo ya kila kitu kwa upekee wake. Kuandika “samani mchanganyiko” hakutoshi. Hiyo bahasha utakayoirundika ndiyo nusu ya thamani ya viti, na ikikupita wiki hii haipatikani tena.

Sikuahidi kwamba mnada wa Ulaya utavigombania. Pengine hautavigombania kabisa, na gharama ya kusafirisha viti vinne inaweza kumeza faida yote. Lakini wenye hoteli wapya wa Paje, Jambiani na hapa Mji Mkongwe wanatafuta vitu vyenye asili ya hapa, na wewe mwenyewe utavikalia kila jioni. Hiyo ni njia ya kweli zaidi kuliko ya mnadani.

Kitanda cha besera kinahitaji subira. Kuna vitanda vya zamani vya kweli visiwani, vyenye nguzo za kukerezwa, vioo vilivyopakwa rangi kichwani na miguu mirefu ya kupandia kwa kigoda. Lakini vile vya asili vingi vilikuwa vyembamba, na mgeni wa hoteli anataka kulala na mwenziwe kwa nafasi. Kwa hiyo mafundi huchukua nguzo nne za zamani, wakaunga mbavu mpya ndefu, yaani mbao za kuunganisha nguzo, wakapata kitanda kipana. Si wizi, ni kazi halali, ila kitanda hicho hakina miaka mia mbili. Lala chini yake na tochi. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Alama za mistari ya mviringo kwenye mbao ambayo haikupigwa randa zimeachwa na msumeno wa mashine. Mbao ya kale ina rangi tafauti pale ilipoguswa na pale ilipojificha, kwa hiyo ukiona weusi wa aina moja tupu kila mahali, hadi ndani ya tundu za viungo, ujue imepakwa. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo mahali pasipoonekana. Ikiwa nguzo na kichwa ni vya kale na mbavu ni mpya, ni kitanda kizuri cha kulalia, na bei yake mjadiliane kwa msingi huo.

Kiti cha enzi nakusihi usikiguse kwa sasa. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa mkataba wa CITES tangu 1989, utekelezaji ukaanza 1990. Marekani imekaza zaidi tangu 2016, na Uingereza ina sheria yake ya mwaka 2018 inayofunga hata biashara ya ndani ya nchi, isipokuwa kwa misamaha michache. Kwa hiyo ile ndoto ya mnadani inakufa hapo hapo. Huenda njumu yenyewe ni mfupa tu: ukitazama kwa kioo cha kukuzia, mfupa huonesha vitundu vidogo vyeusi, na pembe haina. Lakini kwenye vipande vyembamba hivyo macho hudanganyika, na hata mbao yenyewe, ikiwa ni mpingo, basi mti huo, kama karibu miti yote ya jamii yake, umo katika orodha ya pili ya CITES tangu 2017, isiyo kali kama ile ya kwanza. Kama kiti ni cha kale kweli, wa kukiona ni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na ungemfanyia wema msimamizi kumwambia hivyo. Neno hilo hilo ulishike kwa milango, fremu na nakshi za ukutani: mtu akikuuzia kitu kilichobanduliwa kwenye jengo la Mji Mkongwe, usikinunue mpaka uione kwa maandishi ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi.

Jambo jengine ambalo hukuuliza na linaweza kukugharimu. Hoteli nyingi huingiza samani kwa msamaha wa ushuru wa uwekezaji. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema kitu kilichosamehewa kikihamia kwa mtu asiyekuwa na msamaha, ushuru hudaiwa. Mtake msimamizi akuoneshe kwamba suala hilo limekwisha, na liandikwe kwenye risiti, usije ukaulizwa wewe siku utakapotaka kusafirisha.

Ukishanunua, kazi haijaisha. Samani iliyokaa miaka kwenye chumba cha kiyoyozi imezoea hewa kavu. Ukiiingiza nyumba ya kawaida Kikwajuni wakati wa masika, mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, vinia, yaani utando mwembamba wa mbao uliobandikwa juu, hujiinua kingoni, droo hukataa kufunguka. Kama unaweza kungoja, hamisha kiangazi, uviweke wiki chache kwenye chumba chenye kivuli na upepo, mbali na ukuta wa chokaa unaotoa maji. Usivianike juani kwa haraka ya kukausha, maana hapo ndipo mbao hupasuka. Miguu ya chuma iliyong'arishwa ifutwe kwa kitambaa kikavu mara kwa mara kwa sababu chumvi ya bahari haionei huruma. Ngozi za bandia zikianza kubanduka magamba hazina dawa, ni kubadilisha tu.

Na kunguni. Hoteli yoyote, hata iliyo safi, hupokea mizigo ya watu kutoka kila pembe, na kunguni huweza kukaa miezi bila kula. Fungua mishono ya mito kwa vidole, angalia chini ya kitambaa cha sponji na ndani ya tundu za skrubu za kitanda: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, mayai meupe madogo, magamba yaliyovuliwa. Jua letu peke yake halitoshi, kwa kuwa linapasha juu na ndani kunabaki kwa baridi. Sponji iliyoshukiwa itupwe, na mbao zisimamiwe na mtu wa dawa kabla hazijavuka mlango wako.

Kwa hiyo, kama ningekuwa na milioni sita zako, ningerudi kwa msimamizi na ofa ya viti vinne vya baraza peke yake, nikivilipia bei ya haki, ili pasiwe na mtu wa kusema alinipa kwa hisani. Ningezungumzia kitanda baada ya kulala chini yake na tochi. Hicho cha ngozi ningekiacha mpaka kipite mtihani, na hata kikipita, nisingekilipa kabla ya mtu anayevijua kukiona kwa macho yake. Picha za simu hazitoshi kwa kitu cha bei hiyo, si kwangu wala kwa mtu mwengine yeyote. Kama huna mtu, nipigie picha za chini na za viungo nikuambie tu kama inastahili mimi au mwenzangu kuja. Fedha itakayobaki usiione imelala bure, kwani hoteli nyingine itauza mwakani.

Ukikubaliana naye juu ya kitanda, usiwaachie hamali wakifungue wenyewe kwa haraka ya kuwahi mkokoteni. Piga picha kila kiungo kikiwa kimesimama, kiandike namba kwa chaki pande zote mbili, na vile vioo vya kichwani uvibebe wewe mwenyewe mikononi.